Tumbo Jipya la Filister Awiti

Wateja wa Filister Awiti waliamini kwamba aliweka cherehani yake nyuma kabisa ya ploti ya vyumba vya kupanga, kwenye kibaraza kinachotazamana na kamba za nguo, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga mzuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia hivyo, na mwanga kweli ulikuwepo. Lakini kilichomvuta huko ni choo. Choo cha ploti kilikuwa pale pale ubavuni, na mlango wake wa mabati ulilia kila ulipofunguliwa. Tumbo la Filister halikuwa na desturi ya kumpa notisi. Likisema sasa, ni sasa.

Alikuwa amekuja Nairobi kutoka Asembo na mumewe, Nashon Oyoo, fundi wa rangi, wakapanga chumba Kawangware, si mbali na steji ya matatu iitwayo 56. Ploti ilikuwa ya Rahab Wacera, mama wa Kikuyu aliyezaliwa hapo hapo wakati Kawangware ilipokuwa bado mashamba ya mahindi. Watu wote walimwita Mama Kihara, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mama Kihara alikuwa na ulimi mkali. Aliweza kumgombeza mpangaji kuhusu maji ya kufulia kutoka lango la ploti hadi mwisho wa korido bila kuvuta pumzi. Filister alimwogopa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaanza kuchekeana, na kufikia wa tatu Mama Kihara akawa haonji uji wake wa asubuhi mpaka ameuleta kibarazani aunywe akiangalia sindano ikipanda na kushuka.

Ugonjwa ulianza mwaka wa themanini na moja. Ulikuja na kuhara, kisha kuhara damu, kisha maumivu ya kumkunja katikati ya wimbo kanisani. Kliniki ya kwanza ikasema ni amiba, akapewa vidonge. Ya pili ikasema ni amiba sugu, akapewa vidonge vile vile, vingi zaidi. Ya tatu ikasema taifodi. Mama mkwe akatuma mizizi kutoka nyumbani, ichemshwe na kunywewa kabla ya kula. Filister alikunywa kila kitu kwa moyo mmoja, na tumbo likaendelea na mambo yake. Akakonda hadi akawa anapunguza nguo zake mwenyewe kila baada ya miezi michache, akicheka kwamba sasa ni yeye mteja wake bora.

Mwishowe alifika hospitali kubwa, mikononi mwa Daktari Muia, Mkamba mwenye miwani minene na sauti ya upole, ambaye alikuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza. Muia alimpima kwa chombo chembamba chenye taa, akakata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na majibu yaliporudi akamwambia kwamba hakuna amiba hata mmoja. Utumbo wake mpana ulikuwa umejaa vidonda, na vidonda hivyo mwili wake wenyewe ndio uliokuwa ukivitengeneza.

"Ninajishambulia mwenyewe?" Filister aliuliza.

"Mwili wako unafanya hivyo. Wewe huna makosa."

Dawa zilimsaidia kwa muda, kisha zikaacha kumsaidia. Ndipo ikabidi apasuliwe. Utumbo mpana ukatolewa, na ncha ya ule mwembamba ikatokezwa nje ya tumbo, ikamwaga kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa ubavuni. Nashon alilia siku alipouona mfuko huo mara ya kwanza. Filister hakulia. Alikuwa amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, na aliona kama ameuza kitu kibovu kwa bei nzuri. Alipopata nguvu akaushonea ule mfuko vifuniko vya kitenge, kimoja cha kila siku na kimoja cha Jumapili.

Mwaka uliofuata Daktari Muia akamwita, akamwambia kuna njia mpya aliyojifunza huko ng'ambo. Akachora kwenye karatasi.

"Mama, wewe ni fundi, utanielewa upesi. Nachukua huu utumbo mwembamba, naukunja hapa mwishoni, hivi. Nafungua pale kuta mbili zinapogusana, nashona upya. Nimepata kifuko. Kisha nakiunga chini, mahali pa kawaida. Utakuwa unaenda choo kama watu wengine."

Filister aliutazama mchoro kwa makini. "Ni kama kukunja suruali ili upate mfuko wa ndani."

"Ni kama hivyo."

"Na ikiachia?"

"Ndiyo maana tutakupumzisha miezi kadhaa kabla ya kukitumia, mshono ukauke."

Akakubali. Alipasuliwa mara mbili zaidi, kushona na kisha kufungulia njia, na mwisho wa mwaka wa themanini na tano kifuko kikaanza kazi. Hakikuwa kizuri kama utumbo aliozaliwa nao. Alienda choo mara tano, mara sita kwa siku. Lakini alienda akitembea, akimsalimu mtu njiani, na kurudi kushona. Githeri ya Mama Kihara, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ndiyo iliyomshinda, kwa sababu mahindi hayakusagika. Mama Kihara aliposikia hivyo akaanza kumletea viazi vilivyopondwa, akisema ni vile vilivyobaki, ingawa watu wote kwenye ploti walijua kwamba kwa Mama Kihara chakula hakibaki.

Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Nashon akapata kazi ya kupaka rangi kwenye majumba ya Nyayo Highrise yaliyokuwa yakipanda kando ya Kibera, na akawa anarudi jioni na madoa meupe masikioni. Mdogo wake Filister, Sella, aliyekuwa akiishi Kibera, akachumbiwa na kijana wa kwaya aitwaye Omolo. Arusi ikapangwa Agosti. Nguo zote, ya bibi arusi, za wasimamizi, hata za watoto wa kubeba maua, zikawa juu ya Filister. Vitambaa vya rangi ya samawati vikajaa chumbani hadi Nashon akawa anakula akiwa amesimama.

Hapo katikati ya kazi ndipo tumbo lilipoanza tena.

Mwanzoni aliyasingizia maharagwe. Kisha maziwa. Kisha akakosa cha kusingizia. Alikuwa anainuka kwenye cherehani mara kumi na zaidi kwa siku, mara nyingine haja ikimponyoka kabla hajafika mlangoni. Tumbo la chini lilimuuma kama jipu, joto likampanda jioni, na asubuhi moja akaona damu. Alisimama mle chooni ameshika ukuta. Wazo moja tu lilimjia, kwamba yote yamekuwa bure. Ugonjwa umerudi, kifuko kitatolewa, na mfuko wa plastiki utarudi ubavuni maisha yake yote.

Hakumwambia mtu. Alimwambia Nashon ni uchovu. Alimwambia Sella ni moshi wa jiko ndio unaomtoa machozi. Aliendelea kushona, akiamini kwamba akimaliza arusi ndipo ataanguka, na hapo haitakuwa na neno.

Lakini chumba cha Mama Kihara kilipakana na choo kwa upande wa pili. Alasiri moja mama huyo alikuja, hakubeba uji wala viazi, akaketi kwenye debe lililopinduliwa.

"Hiyo tumbo imerudi," alisema.

"Hapana, Mama Kihara. Ni chai tu, maziwa ilikuwa mbaya."

"Maziwa gani inaharibika wiki tatu? Mimi nasikia hiyo mlango, Filister. Inalia kama mbuzi. Najua yako, najua ya kila mtu hapa. Weka hiyo kitambaa chini."

"Nina nguo saba hazina mikono."

"Watavaa bila mikono. Kesho tunaenda kwa huyo daktari wako."

Filister alitaka kubisha. Badala yake akaanza kulia, polepole, akiwa bado ameshika mkasi, na Mama Kihara akaunyakua mkasi kwanza kabla ya kumshika bega.

Kesho yake Kihara aliwapeleka kwa pikapu yake ya kubebea viazi. Mama yake aliweka ndoo yenye mfuniko nyuma ya kiti na khanga mbili za kusitiri, akamweleza mwanawe kwamba akisikia neno simama, asimame hapo hapo, awe katikati ya barabara au la. Neno hilo lilisemwa mara moja, karibu na Hurlingham. Kihara alisimama, akashuka, akaangalia injini ya gari ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Daktari Muia alimsikiliza Filister, kisha akauliza yalianza lini.

"Wiki jana, daktari."

"Ni wiki tatu," alisema Mama Kihara kutoka pembeni.

Muia akaandika tatu. Akampima, akachungulia ndani kwa kile chombo chenye taa, akachukua kinyesi kikapelekwa maabara. Majibu yalipokuja mchana aliwaita wote wawili.

"Mama, unaogopa ugonjwa wa zamani umerudi."

Filister akatikisa kichwa kukubali.

"Ule ulikaa kwenye utumbo mpana, nao tuliutoa. Kinachoumwa sasa ni kile kifuko. Ukuta wake wa ndani umevimba na kuwa mwekundu. Mshono wangu uko sawa, nimeuangalia. Maabara wanasema hakuna amiba wala taifodi."

"Basi ni nini?"

Daktari akavua miwani akaifuta. "Ndani ya tumbo la kila mtu kuna bakteria. Wengi mno, na wengi wao hawana ubaya. Wako ndani yangu, wako ndani ya huyu mama."

"Mimi sina," alisema Mama Kihara.

"Unao, mama, na wanakusaidia kumaliza kazi ya chakula. Makao yao makubwa ni utumbo mpana. Ule mwembamba una wachache, kwa sababu chakula hupita humo bila kukaa. Sasa mimi nimeukunja nikaufanya kifuko, na chakula kinakaa humo kikingoja. Bakteria wameingia, wameongezeka, na pengine wale wakorofi wamewazidi wale wapole. Ukuta wa kifuko hauna mazoea nao, unakasirika."

"Pengine?" Filister aliuliza.

"Pengine. Sitakudanganya. Tunaona huwapata zaidi watu waliokuwa na ugonjwa kama wako, na kwa nini, hakuna anayejua kwa hakika. Ila tunajua kwamba ukiwapiga hao bakteria kwa dawa, mara nyingi kifuko hutulia. Na hutulia upesi."

Akaandika dawa. Filister alipoipokea kwenye dirisha la dawa na kusoma karatasi, akarudi mpaka mlango wa daktari akausukuma bila kubisha hodi.

"Daktari, hizi ni zile za amiba."

"Ni zile zile."

"Nilikunywa hizi miaka miwili. Hazikunisaidia kitu. Zilinichoma mdomo tu."

"Kweli. Wakati ule hukuwa na amiba, na vidonda vyako havikuwa kazi yake. Lakini dawa hii huua pia bakteria wa aina ile wanaopenda kukaa mahali pasipo na hewa, kama humo kifukoni. Kunywa mara tatu kwa siku, siku kumi. Na usiguse pombe hata tone, itakutapisha vibaya."

Filister alimshukuru kwa adabu, akaenda nyumbani, akaiweka ile pakiti juu ya cherehani, na hakunywa. Miaka yake miwili ya vidonge vile alikuwa anaikumbuka kwa ulimi. Aliona amechezewa. Daktari aliyemwamini kuliko wote alikuwa amemrudisha pale kliniki ya kwanza ilipomwanzishia.

Nashon alirudi jioni akaikuta pakiti na mke wake ameketi mbele yake kama watu wawili waliogombana. Filister akamweleza yote, hata yale ya wiki tatu. Nashon alikuwa mtu wa maneno machache, na machache aliyokuwa nayo mengi yalihusu rangi.

"Nyar Asembo," alisema, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Asembo. "Ile rangi ya mafuta nzuri, ukiipaka juu ya plasta mbichi, inabanduka yote. Mtu atasema rangi ni mbaya. Kumbe ukuta haukuwa wake. Ngoja plasta ikauke, chukua mkebe ule ule, inashika miaka kumi."

"Kwa hivyo mimi ni ukuta."

"Wewe kunywa tu. Ikibanduka, nitakwenda mwenyewe kumwuliza huyo Muia."

Akanywa.

Ladha ilikuwa ile ile ya zamani, kama mtu amelamba ufunguo. Uji ulikuwa na ladha ya chuma, chai ilikuwa na ladha ya chuma, hata maji. Filister akawa anapika bila kujua anachokipika. Sukuma wiki ya siku ya pili aliitia chumvi mara tatu kwa kuwa hakuisikia, na Nashon aliila yote bila kusema neno, kisha akanywa maji vikombe vinne, kimoja baada ya kingine.

Siku ya nne asubuhi aliketi kwenye cherehani kuweka mikono kwenye nguo ya msimamizi wa kwanza. Akaiweka. Akachukua ya pili. Jua lilipanda likapita kamba za nguo. Alikuwa anaweka vifungo vya nguo ya tatu Mama Kihara alipotokea kwenye kona akitembea haraka, khanga imemlegea kiunoni.

"Filister, uko sawa?"

"Niko sawa. Kwani nini?"

"Hiyo mlango haijalia tangu asubuhi. Nimekaa nangoja, kimya. Nikasema ameanguka."

Filister aliangalia mlango wa choo, kisha akaangalia nguo tatu zilizokuwa magotini mwake. Alikuwa ameketi tangu saa mbili. Hakuinuka hata mara moja, na hakuwa amewaza kuinuka. Alijipapasa tumbo la chini kwa kidole, kwa woga kidogo, kama mtu anayeamsha mtoto. Halikuuma.

Akaanza kucheka. Mama Kihara alimtazama, hakuelewa, kisha akaelewa, naye akacheka hadi ikabidi akae tena kwenye lile debe. Wapangaji wawili walitoka kuona kuna nini. Hakuna aliyeweza kuwaeleza kwamba wanawake wale wanachekea choo ambacho hakikufunguliwa.

Arusi ilifanyika ukumbi wa kanisa Kibera, na nguo zote zilikuwa na mikono. Filister aliimba sauti ya kwanza kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Alasiri, wajomba wa Omolo wakaleta busaa, pombe ya nafaka, kwa siri nyuma ya ukumbi. Mmoja akamjazia kikombe dada wa bibi arusi, na akakataliwa.

"Niko kwa dawa, mjomba."

"Dawa gani inakataa busaa?"

"Ya wapangaji waliokataa kutoka," alisema Mama Kihara, ambaye alikuwa amesimama hapo na sahani ya samaki mzima, akimwangalia samaki huyo jicho kwa jicho, hajui aanzie wapi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye arusi ya Wajaluo. Filister akamwonyesha jinsi ya kufuata uti wa mgongo kwa vidole. Kufikia jioni Mama Kihara alikuwa amemaliza samaki wawili na alikuwa katikati ya mduara, anacheza mabega kwa nguvu hadi Omolo akaacha kiti chake cha enzi kwenda kucheza naye.

Haikuwa mwisho wa mambo. Mwezi wa kumi kifuko kilivimba tena. Safari hii Filister hakuficha hata siku moja. Alikwenda kwa Daktari Muia, akapewa dawa zile zile, zikamtuliza tena. Ilipokuja mara ya tatu, Muia akampangia dozi ndogo ya kunywa kwa muda mrefu zaidi, akamwonya amwambie upesi akianza kusikia ganzi kwenye vidole vya miguu. Filister alimwuliza kama maziwa lala yangesaidia, kwa kuwa Mama Kihara alishikilia kwamba maziwa yaliyoganda hutuliza tumbo lolote.

"Hayo nayo yana bakteria," alisema daktari. "Wapole. Kama yanasaidia kifuko, sijui, hakuna aliyepima. Kunywa ukipenda, lakini usiache vidonge kwa ajili yake."

Basi akawa anakunywa vyote viwili, kidonge na kikombe cha maziwa lala, na kuanzia hapo kifuko kilikasirika mara moja tu kwa mwaka au chini ya hapo. Ikitokea, aliijua dalili mapema, kama vile fundi anavyosikia cherehani ikianza kukosea kabla uzi haujakatika. Ganzi ilimjia wakati fulani, dawa ikasimamishwa, ganzi ikaisha, na miezi mingi ikapita bila kidonge chochote.

Desemba ya mwaka wa themanini na saba, yeye na Nashon walikata tiketi za gari moshi kwenda Kisumu. Filister hakuwa ameiona Asembo kwa miaka sita. Basi la siku nzima lilikuwa limemshinda, na gari moshi lenyewe, ingawa lina choo, alikuwa amelikataa mara mbili kwa sababu ya woga tu. Walipofika, mama yake alikuwa njiani amesimama na mkono juu ya macho, akimtafuta yule binti mwembamba aliyeambiwa kwamba ugonjwa umemkondesha. Filister alimpita karibu amguse kabla mama hajamtambua.

"Umenenepa," alisema mama yake, akamshika mashavu yote mawili.

"Nimenenepa, mama."

"Na tumbo?"

"Lipo. Wamelishona upya."

Mama alimtazama kwa muda, akitafuta mzaha usoni pake asiupate. Kisha akauchukua mzigo wake, akatangulia njia ya kwenda nyumbani, akimwuliza kwa sauti kubwa anataka samaki wa kukaanga au wa mchuzi, na Filister, akimfuata nyuma pamoja na Nashon, akasema wote wawili.